Stika juu ya klia au chini yake: kuchagua rangi ya tangi la pikipiki

Mhudumu wa kituo cha mafuta anapochomoa mdomo wa pampu, tone moja hubaki nyuma na kudondoka juu ya tangi. Linateleza kutoka kwenye kifuniko, linapita juu ya jina la mwenye pikipiki na kuishia karibu na goti lake. Yeye hulifuta kwa kiganja na kuondoka. Huku kwetu Busia, Uganda, ambako wengi bado hununua mafuta ya chupa na kuyamimina kwa faneli, mara nyingi huwa si tone bali mfereji mdogo. Kazi yangu ni kupuliza rangi za pikipiki, na mteja akiniuliza apake nini au abandike nini, jibu langu huanzia kwenye tone hilo. Madigadi hayamwagikiwi petroli. Kava za pembeni pia hazimwagikiwi. Tangi la boda inayofanya kazi humwagikiwa kila siku, pengine mara mbili.

Nalinganisha hapa njia nne ambazo watu hutumia kuweka stika na maandishi kwenye tangi la chuma, kama yale ya Bajaj Boxer na TVS Star. Wapo wanaobandika stika juu ya rangi na kuishia hapo. Wapo wanaobandika kisha wakapuliza klia ya kopo la kawaida, na wengine klia ya hadena. Wa mwisho huacha stika kabisa, maandishi yakapakwa kwa rangi chini ya klia ya hadena. Klia ninayosema ni ile vanishi angavu inayopulizwa mwisho, inayotoa mng'ao na kulinda kilicho chini yake.

Kwanza klia yenyewe

Makopo mawili yanaweza kukaa rafu moja dukani, yote yameandikwa klia, na yote mawili yakipulizwa tangi linang'aa kama kioo siku ile ile. Tofauti huonekana baadaye. Klia ya kopo la kawaida hukauka kwa sababu thina iliyomo, kile kimiminika cha kuifanya iwe nyepesi, inaruka hewani. Kinachobaki juu ya tangi ni kile kile kilichokuwa ndani ya kopo, kimeganda tu. Ni kama samli: ikipoa inaganda, ukiirudishia moto inayeyuka. Petroli ndiyo moto wa klia hiyo. Klia ya hadena huja kwa sehemu mbili, klia na hadena yake, yaani dawa ya kuigumisha, na ukizichanganya zinashikana kikemia hadi kuwa kitu kipya kisichoweza kurudi kilikotoka, kama yai lililochemshwa. Petroli ikidondoka hapo na kufutwa, haikuti cha kuyeyusha.

Kipimo cha kuchanganya kimeandikwa kwenye kopo. Mara nyingi ni klia mbili kwa hadena moja, nyingine ni nne kwa moja. Fundi anayekisia kwa macho anakuharibia. Hadena ikipungua, klia hubaki laini na petroli huipenya; ikizidi, klia hukakamaa na kupasuka mbele ya safari. Na ukishachanganya una saa chache tu kabla haijaanza kuganda kikombeni.

Ukinunua pikipiki iliyotumika na hujui imepulizwa nini, lowesha kitambaa cheupe kwa petroli, kigandamize kwa nusu dakika mahali pasipoonekana, kama pale chini ya ncha ya kiti, kisha futa. Pakinata au kitambaa kikachukua rangi, hakuna klia ya hadena hapo. Kujua kama stika iko juu au chini, pitisha ukucha kwenye ukingo wake. Ukigonga ngazi, iko juu, au fundi alipuliza klia nyembamba mno.

Stika juu ya rangi, bila kitu juu yake

Siidharau njia hii. Inachukua saa moja, na mwenye boda anarudi kazini mchana huo huo. Wengi hapa wamechukua pikipiki kwa mkopo wanaolipa kila wiki, na siku ya kukaa bila abiria ni siku ya deni. Halafu inabadilika kirahisi. Shabiki wa Arsenal akimuuzia pikipiki shabiki wa Manchester United, stika inalainishwa kwa maji ya moto na kung'olewa kwa kucha, gundi inafutwa kwa mafuta ya taa, na kama rangi ya chini ni ya hadena tangi linabaki salama.

Ubaya wake unaanzia pembeni. Petroli hupenya chini ya ukingo wa stika, gundi inalainika, ukingo unajikunja, vumbi jekundu la murami, ile barabara isiyo na lami, linanasa, na baada ya miezi kadhaa kila herufi ina mpaka mweusi. Huanza karibu na kifuniko. Halafu magoti: suruali yenye vumbi ikisugua ubavu wa tangi kutwa nzima ni msasa. Ile jaketi ya tangi ambayo wengi huivisha pikipiki ili kulinda rangi nayo hunasa mchanga na maji chini yake, ikawa inasugua na kulowesha kwa pamoja. Ukiivaa, ivue na kuifuta kila wiki. Jua nalo linachukua sehemu yake. Ikweta inakata barabara ya Kampala kwenda Masaka pale Kayabwe, kwa hiyo nchi yetu yote iko chini ya jua kali mwaka mzima, na wino mwekundu na wa njano ndio hukimbia kwanza. Mweusi hudumu kuliko yote.

Ukichagua njia hii, agiza stika ya vinili, ambayo ni plastiki, si ya karatasi, na mwambie mkataji azungushe pembe zote, maana pembe kali ndiyo hunyanyuka kwanza. Vinili nazo ni mbili. Ipo nyembamba na laini ya maikroni 50 hivi (maikroni elfu moja ni milimita moja), inayolala vizuri kwenye mikunjo ya tangi. Ipo pia nene zaidi, ya kati ya 75 na 100, ambayo ni rahisi lakini baada ya muda husinyaa na kurudi nyuma, ikaacha mstari wa gundi. Wakataji wa Nasser Road, Kampala, wanazijua zote mbili. Usipouliza unapewa ya pili. Acha nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye kifuniko.

Mwenye tangi la plastiki, kama la baadhi ya pikipiki za mashambani, hana haja ya kusoma zaidi ya hapa. Mvuke wa petroli hupita polepole kwenye plastiki na kuinua chochote kilichobandikwa au kupakwa juu yake. Yeye atafute stika yenye matundu madogo madogo, na asahau klia.

Stika chini ya klia ya kopo la kawaida

Hii siipendekezi kwa tangi la petroli, kwa mtu yeyote. Miaka yangu ya mwanzo nilimfanyia mteja mmoja aliyetaka pikipiki iwe tayari kwa Idi. Ilipendeza. Wiki mbili baadaye aliirudisha, akabonyeza kidole gumba karibu na kifuniko, na alama ya kidole ikabaki kwenye klia. Chini ya hapo kulikuwa na michirizi myeupe mahali kila tone lilipopita. Nilikwangua yote na kurudia kwa gharama yangu, na kukwangua stika iliyofunikwa kwa ngozi inayonata ni kazi kuliko kupaka upya. Kwa hiyo njia hii ni mbaya kuliko stika tupu: ina uharibifu wote wa ile ya kwanza, na haina wepesi wake wa kubandua.

Kwa madigadi na kava za pembeni haina tatizo. Pia kwa zile pikipiki za umeme, ambazo mahali pa tangi hapaoni petroli kamwe.

Stika chini ya klia ya hadena

Hapa ndipo watu wengi hutaka kufika, na ndipo kazi mbaya hujificha vizuri zaidi. Ikifanywa sawasawa, huoni ukingo wa stika wala huugusi. Maandishi yanaonekana kama yamezama ndani ya kioo. Petroli haiyafikii. Klia ikichakaa unaisugua na kuing'arisha bila kugusa stika.

Ili ujue kama unafanyiwa haki, piga hesabu ndogo. Stika nyembamba ni maikroni 50, nene ni karibu 100. Mkono mmoja wa klia, yaani tabaka moja, ukikauka huacha maikroni 20 hadi 30. Kwa hiyo mikono mitatu inakaribia au kupita kidogo tu urefu wa ukingo wa stika, na ngazi bado ipo. Fundi wa kweli hupuliza mikono mitatu, anaacha mpaka kesho yake, anasugua kwa msasa wa maji namba 800 hadi ngazi iishe, bila kugusa stika, kisha anapuliza miwili au mitatu mingine. Mwisho msasa namba 1500, kisha 2000, halafu polishi. Anayekuahidi kumaliza yote kwa siku moja anakuahidi ngazi.

Kabla ya hapo tangi linatolewa kwenye pikipiki, petroli inamwagwa, koki na geji ya mafuta zinafunguliwa, na tangi linaoshwa. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa, na kama lina tundu la kuziba kwa moto wa kulehemu, lisikaribiwe na moto mpaka mvuke wote uwe umeisha. Kutu inakwanguliwa hadi chuma cheupe, inafuata praima, fila kwenye mabonyeo, msasa, rangi. Siendelei hapo kwa sababu njia zote za kupaka upya zinapita mlango huo huo.

Penye stika ndipo pa kukaa macho. Stika iliyochapwa kwa wino ikae siku moja au mbili kabla ya kufunikwa, la sivyo thina ya wino itatoka chini ya klia na kuacha mapovu. Ikiwa ilibandikwa kwa maji ya sabuni, sabuni ioshwe yote na maji yakauke kabisa. Asiguse mtu kwa kidole chenye mafuta wala polishi ya viti, maana polishi zenye silikoni hufanya klia ikimbie na kuacha vishimo vya duara ambavyo havizibiki kwa kuongeza klia. Na mkono wa kwanza uwe ukungu tu, mwembamba, ukifuatwa na dakika 10 hadi 15 za kusubiri, kisha ukungu wa pili. Fundi mwenye haraka anayeanza na mkono mzito analowesha vinili kwa thina, na inajikunja mbele ya macho yake. Stika za kuakisi mwanga usizifunike. Ni nene mno. Ziweke juu ya klia, na ukipenda zibandike madigadi ya nyuma ambako usiku zina faida.

Kasoro yake ni moja, na ni kubwa kwa mtu wa boda. Pikipiki ikianguka kwenye murami na mkwaruzo ukafika kwenye stika, huwezi kubadilisha stika peke yake. Ubavu mzima unasuguliwa na kuanza upya. Ile vinili nene nayo ikisinyaa chini ya klia huvuta, na baada ya mwaka au zaidi unaona nyufa laini zikifuata umbo la herufi.

Maandishi ya rangi chini ya klia ya hadena

Mimi, tangi likiwa langu, nafanya hivi. Mkataji yule yule wa stika anakata maandishi yako, lakini badala ya kubandika herufi unabandika kile kilichobaki pembeni yake. Nafasi ya herufi inabaki wazi, unapuliza rangi ya pili, na unaivua vinili rangi ikiwa bado laini kidogo ili ukingo usimeguke. Kinachobaki ni rangi yenyewe, maikroni 20 hivi, hakuna gundi wala plastiki. Mikono miwili ya klia inaizamisha. Haisinyai wala haipovuki, na ikikwaruzika fundi anaweza kugusia herufi moja na kupuliza klia sehemu hiyo.

Haifai kwa picha ya mtu au nembo yenye rangi kumi. Hapo rudi kwenye stika. Kwa jina, aya fupi, "Mungu ni mwema", namba ya stegi (kituo cha boda), nembo ya rangi mbili, hakuna inayoishinda. Muda wake ni sawa na ule wa stika chini ya hadena, siku tatu au nne, na mara nyingi pungufu, kwa sababu ngazi ni fupi na duru moja ya klia inatosha.

Sharti lake ni kwamba rangi zote mbili ziwe za aina ile inayokusudiwa kufunikwa kwa klia. Rangi ya mafuta ya kupakia milango ya nyumba haifai. Klia ya hadena ikiigusa, huivuta na kuikunja yote.

Kopo lenye hadena, au bunduki

Yapo makopo ya kupuliza yenye hadena ndani yake. Unabonyeza kitufe chini ya kopo, hadena inachanganyika, na una siku mbili hivi za kulitumia kabla halijagandia humo humo. Kwa mtu anayepaka tangi lake moja nyumbani linatosha, na huhitaji umeme. Bei yake ni ya juu, na nje ya Kampala nimelitafuta mara nyingi bila kulipata.

Bunduki ya kupulizia rangi yenye tundu la milimita 1.3 au 1.4, kwa shinikizo la karibu bar 2, ikishikwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye tangi, inatoa klia laini zaidi na kwa gharama ndogo ukiwa na matangi mengi. Mwombe fundi akuonyeshe kama anamwaga maji ya kompresa kabla ya kuanza. Hewa yetu ina unyevu, maji hukusanyika kwenye tangi la kompresa, na tone moja likipita kwenye bunduki linaharibu siku nzima.

Pumzi ya fundi

Katika kulinganisha gharama watu husahau jambo hili, nami siwezi kulipita. Hadena ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Ukiivuta ile dawa inapopulizwa, inaweza kukupa pumu, na mwili ukishaikataa, kiasi kidogo tu baadaye kinatosha kukufunga kifua. Harufu haikuonyi kwa wakati. Kitambaa usoni hakisaidii, wala barakoa ya karatasi. Inatakiwa barakoa ya mpira yenye vichujio vya mvuke vilivyo vipya, na iliyo bora zaidi ni ile inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Miwani na glavu pia. Kila wiki naona vijana wakipuliza hadena chini ya mwembe kando ya barabara, watoto wakiwa wamesimama wakitazama. Ukienda kuchagua fundi, tazama anavaa nini usoni. Asiye na barakoa ya maana, mwachie kazi ya kubandika stika tu, na watoto waondolewe hata kama fundi mwenyewe amejikinga.

Mvua na hadena ya chupa

Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, hewa ikiwa nzito, klia ya kawaida hugeuka nyeupe kama maziwa na ya hadena hutoa vipovu. Subiri saa nne asubuhi unyevu upungue, na umalize kabla ya mawingu ya alasiri. Hadena yenyewe huharibiwa na unyevu wa hewani ikiwa ndani ya kopo lililofunguliwa. Ndiyo maana siinunui ile iliyogawanywa kwenye chupa za soda, hata kama bei yake inavutia. Ikiwa imeanza kuwa nzito au ina vipande, imekufa. Nunua kopo dogo lililofungwa, litoshe kazi hiyo moja.

Nani achague nini

Mwenye mkopo wa wiki na pikipiki inayolala nje: stika nyembamba juu ya rangi iliyopo, mbali na kifuniko, na ukubali kuibadilisha. Akipata siku nne za kupumua, kama wakati pikipiki inafunguliwa injini na tangi limekaa bure, hiyo ndiyo nafasi ya kuchora maandishi na kupuliza hadena. Mwenye pikipiki ya kwenda kazini na nyumbani, au anayefufua Honda ya zamani ya baba yake yenye nembo ngumu, achukue stika chini ya hadena na asimharakishe fundi. Kama unabadilisha rangi kuu, kumbuka rangi ya pikipiki imeandikwa kwenye kadi yake ya usajili. Irekebishe kabla askari wa barabarani hajakuuliza.

Ukichagua hadena, tangi litakauka mkononi kesho yake, lakini ugumu wa kustahimili petroli unakamilika baada ya wiki moja hivi. Wiki hiyo jaza mafuta nusu, shika kitambaa mwenyewe, na usiruhusu mhudumu ajaze hadi mdomoni. Usivishe jaketi. Na siku unapokwenda kwa mkataji, mwombe akate seti mbili za herufi kwa bei ya kazi moja. Ya pili ilaze ndani ya daftari, ikae bapa, mbali na jua.